Kompyuta 22, bando moja: namna ya kupakua masasisho ya Linux mara moja tu

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 22: ishirini zina Ubuntu 22.04 na mbili zina Linux Mint 21. Zote zimeunganishwa kwa kebo kwenye swichi moja, na intaneti inatoka kwenye ruta ya 4G ambayo shule huiwekea bando la GB 20 kwa mwezi. Muhula huu nilipofungua masasisho, kila mashine ilidai kama MB 700. Ya kwanza ilimaliza vizuri, nikawasha zote zilizobaki, na kesho yake bando lilikuwa limekata na mkuu wa shule anataka maelezo. Mwenzangu mmoja ananiambia nifungue folda ya /var/cache/apt/archives kwa NFS (njia ya kushirikiana folda kwenye mtandao) ili mashine zote zichukue humo. Mwingine anasema hiyo ni njia ya kusambaza virusi, na kwamba ni lazima kila mashine ichukue masasisho yake yenyewe kutoka Ubuntu, tena kwa HTTPS, yaani kwa njia iliyofungwa kwa siri. Nimfuate nani?"*

Mwalimu, pole kwa bando, na pole zaidi kwa kuitwa ofisini. Usimfuate yeyote kati ya hao wawili, ingawa kila mmoja ana lake la kweli. Wa kwanza ameona sawasawa kwamba faili zikishaingia shuleni hakuna haja ya kuzilipia tena. Wa pili ana haki ya kuuliza nani anathibitisha kwamba faili iliyopita mikono mingi bado ni ile ile. Njia ninayokushauri inawajibu wote wawili: acha folda zilivyo, ila maombi yote ya masasisho yapitie kwenye mashine moja ambayo inaweka nakala ya kila inachokipakua.

Tuanze na hesabu, kwa sababu nadhani ndiyo mkuu wako anayoitaka. MB 700 mara mashine 22 ni MB 15,400, yaani zaidi ya GB 15 kati ya GB 20 zenu, na karibu zote ni faili zile zile zilizopakuliwa mara ishirini na mbili. Hata zile mbili za Mint haziko mbali na nyingine: Linux Mint 21 imejengwa juu ya Ubuntu 22.04, na sehemu kubwa ya programu zake inatoka kwenye hazina ile ile ya archive.ubuntu.com. Na kama ungeamua kutobonyeza kitufe, bado usingepona. Ubuntu ya mezani huja na huduma ya unattended-upgrades ikiwa tayari imewashwa, na hiyo hupakua masasisho ya usalama yenyewe, kila mashine kwa saa yake.

Sasa folda ya mwenzako wa kwanza. Wazo hilo ni la zamani na linavutia, na kwa mashine mbili nyumbani unaweza kulivumilia. Kwa mashine 22 litakusumbua. apt, yaani programu inayopakua na kusakinisha programu nyingine kwenye Ubuntu na Mint, inapoanza kazi huweka kufuli kwenye folda hiyo ili programu nyingine isiandike kwa wakati mmoja. Folda ikiwa ya wote, kufuli nayo ni ya wote: mashine moja inafanya kazi, zilizobaki zinakuambia zimeshindwa kupata kufuli. Halafu ruhusa. Kwa miaka mingi sasa apt hupakua kwa kutumia akaunti ndogo inayoitwa _apt badala ya root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu wa mashine, na NFS kwa kawaida hunyang'anya root wa mashine ya mbali mamlaka yake. Utashinda unapanga ruhusa badala ya kufundisha. Zaidi ya hapo, amri ya `apt` yenyewe, tofauti na `apt-get`, hufuta faili za deb, yaani vifurushi vya programu, mara tu inapomaliza kusakinisha, kwa hiyo mashine moja inaweza kusafisha chakula cha wenzake kabla hawajanawa mikono.

Sababu inayonifanya nikatae kabisa, hata hivyo, ni ya usalama. apt hupakua faili kwanza kwenye folda ndogo ya partial, huikagua, na ikifaulu ndipo huihamishia archives. Folda ya archives imepangwa kwa imani kwamba mwandishi wake ni mashine hiyo hiyo, na kwamba kilichomo kimeshakaguliwa. Ukiifungua ili mashine 22 ziandike humo, mwanafunzi mmoja mtundu aliyepata nywila ya root kwenye mashine moja anapata mlango wa kuzifikia zote. Hapo mwenzako wa pili alikuwa na hoja.

Alipokosea ni pale aliposema kinga ni HTTPS. Angalia faili ya `/etc/apt/sources.list` kwenye mashine yako yoyote ya Ubuntu 22.04: anwani zake zinaanza na http tu, bila s. Ndivyo Ubuntu inavyokuja, na si uzembe. Usalama wa apt haukuwekwa kwenye njia ambayo faili inapita. Umewekwa kwenye saini. Kama umewahi kusimamia mtihani wa taifa unajua kwamba bahasha, hata ikiletwa na askari, hukaguliwa lakiri yake kabla ya kufunguliwa. Askari analinda safari, lakini lakiri ndiyo inayokwambia kama imeguswa.

Lakiri hiyo inafanya kazi hivi. Ulipoweka Ubuntu, diski ya usakinishaji ilikuja na funguo za umma za Ubuntu, na ziko ndani ya kila mashine yako hadi leo. Ukiendesha `apt update`, mashine inapakua faili inayoitwa InRelease, iliyotiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri ambao uko kwa Ubuntu peke yao. Mashine yako inaikagua saini hiyo kwa ufunguo wa umma ilionao. Ndani ya InRelease mna alama za SHA256 (kama alama za vidole za faili) za orodha za programu, na ndani ya orodha hizo mna ukubwa na alama ya SHA256 ya kila faili ya deb. Ni mnyororo mmoja: saini inathibitisha orodha, orodha inathibitisha faili. Mtu akibadilisha hata baiti moja ya faili ikiwa njiani, alama hailingani na apt inagoma kusakinisha. Ukaguzi huu unafanyika kwenye mashine inayopokea, si kwenye ile iliyoleta, na ndiyo maana haijalishi kama faili ilitoka Ulaya au ilitoka dawati la tatu kutoka dirishani.

Kwa haki, mnyororo huo umewahi kupata ufa. Januari 2019 mtafiti Max Justicz alionyesha kosa katika namna apt ilivyoshughulikia anwani zinazoelekezwa kwingine. Aliyekaa katikati ya mawasiliano aliweza kuidanganya ikubali faili isiyo halali. Kosa lilipewa namba CVE-2019-3462 na marekebisho yakatolewa mwezi huo huo. Ubuntu 22.04 ilikuja baadaye sana, kwa hiyo wewe hilo halikuhusu, lakini usiruhusu mtu akuambie kwamba saini peke yake inatosha hata kama programu inayoikagua imezeeka. HTTP pia haifichi unachopakua: anayechungulia mtandao ataona kwamba shule inasasisha LibreOffice. Sioni shule itakayokosa usingizi kwa hilo.

Hofu ya virusi ina mahali pake halisi, na ni kwenye flashi. Ukichukua faili za deb kwa flashi na kuzisakinisha moja moja kwa `dpkg -i`, hakuna saini inayokaguliwa. dpkg inasakinisha ulichoipa. Njia hiyo naiona sana mashuleni, na hiyo ndiyo ningetamani mwenzako wa pili aipigie kelele.

Sasa kazi yenyewe. Programu ninayokushauri inaitwa apt-cacher-ng. Inakaa kwenye mashine moja na kusikiliza kwenye poti 3142. Mashine nyingine zinapotaka faili, zinaiomba hiyo. Kama inayo, inaitoa papo hapo. Kama haina, inaipakua kutoka Ubuntu, inaipitisha kwa aliyeomba na kubaki na nakala. Mashine mbili zikiomba faili moja kwa wakati mmoja, upakuaji unabaki mmoja na wote wawili wanalishwa kutoka humo humo. Tena inajua tofauti ya faili zisizobadilika, kama deb yenye namba ya toleo, na zile zinazobadilika kila siku, kama InRelease, ambazo huziulizia upya.

Chagua mashine yenye diski nzima na nafasi ya GB 20 hadi 30 iliyo wazi. Haihitaji kuwa na nguvu. Kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 2 inaifanya kazi hii bila kulalamika. Ipe anwani ya IP isiyobadilika, ama ndani ya ruta ama kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine yenyewe. Tuseme umeipa 192.168.1.10. Kisha juu yake:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Itakuuliza kama iruhusu mawasiliano ya HTTPS yapenye ndani yake. Jibu hapana, nitakuambia sababu hivi punde. Baada ya hapo, kwenye kila mashine nyingine tengeneza faili ya `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` yenye mistari hii miwili:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Mashine yenye apt-cacher-ng nayo iwekee faili hiyo hiyo, ila andika 127.0.0.1 badala ya 192.168.1.10, la sivyo yenyewe itakuwa inapakua kivyake na kukuongezea gharama. Hakikisha pia kwamba mashine zote zinataja hazina kwa anwani moja. Ukikuta moja inatumia tz.archive.ubuntu.com na nyingine archive.ubuntu.com, zilinganishe. Programu inazijua seva nyingi rasmi za nakala na huziunganisha yenyewe, lakini ile isiyoijua itaihifadhi kando, na utalipia faili moja mara mbili.

Mstari wa pili ndio watu wengi wanausahau. Hazina za pembeni, kwa mfano za Google Chrome au Docker, hutumia HTTPS. Mawasiliano hayo yamefungwa kwa siri kati ya mashine na seva ya mbali, kwa hiyo proksi, yaani ile mashine yenye apt-cacher-ng, haiwezi kuona ndani na haiwezi kuhifadhi chochote. Usipoandika DIRECT, apt itajaribu kuyapitisha kwenye proksi kwa kuwa ndiyo mipangilio iliyoikuta, proksi itakataa, na wewe utadhani kila kitu kimeharibika. Ukiandika, hazina hizo zinaenda zenyewe moja kwa moja. Hutaokoa bando kwa hizo, lakini kwenye chumba cha shule hazina za namna hiyo ni chache, na nyingine wala hazina sababu ya kuwepo.

Usiwashe mashine zote mara moja siku ya kwanza. Sasisha moja mpaka mwisho, kisha ya pili, na wakati ya pili inafanya kazi fungua kivinjari uende `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html`. Ukurasa huo unakuonyesha ni kiasi gani kilitoka ndani na kiasi gani kilipakuliwa nje. Mashine ya pili ikiwa imepata karibu kila kitu kutoka ndani, ziruhusu zilizobaki. Kwa swichi ya megabiti 100, mashine 21 zikivuta MB 700 kila moja zitachukua kama dakika 20 hadi 25 kwa jumla, na ruta ya 4G haitajua kama kuna kinachoendelea. Mashine hizo ziache kwenye kebo. Wi-Fi ya ruta moja kwa mzigo huo itakuchosha.

Mashine uliyokwisha kuisasisha huenda bado ina faili zake. Angalia kwa `ls /var/cache/apt/archives`. Kama zimo, usizipoteze: zinakili kwenye `/var/cache/apt-cacher-ng/_import` ya mashine ya proksi, endesha `apt update` kwenye mashine nyingine yoyote kupitia proksi ili orodha ziwepo, kisha kwenye ukurasa ule wa ripoti bonyeza sehemu ya kuingiza faili. Itazilinganisha na orodha na kuchukua zinazofaa. MB 700 za kwanza utakuwa umeziokoa.

Sasa nikuambie ambacho njia hii haikifanyi, maana hapa ndipo watu hunirudia wakiwa wamekasirika. Ubuntu 22.04 inaleta Firefox kama snap, yaani kifurushi cha aina nyingine chenye duka lake, si deb. Snap hazipiti kwenye apt kabisa. Huduma ya snapd huulizia masasisho mara nne kwa siku, kwa HTTPS, kutoka duka lake, na apt-cacher-ng haina habari nazo. Firefox ikipakuliwa nzima ni zaidi ya MB 200, na kuna misingi, yaani snap nyingine ambazo Firefox huzitegemea, ambayo nayo ni mizito. Zidisha mara 20 uone.

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuzuia snap zisijisasishe zenyewe kwa `sudo snap refresh --hold`, halafu mara moja kwa mwezi, kwenye mashine moja, unaendesha `snap download firefox`. Utapata faili mbili, moja ya snap na moja ya assert. Zinakili kwenye mashine nyingine kupitia mtandao wa ndani, kisha `sudo snap ack` kwa ile ya assert na `sudo snap install` kwa ile ya snap. Ukaguzi wa saini unabaki palepale, kwa sababu assert ndiyo inayoubeba. Kama misingi yake nayo ina toleo jipya, ifanyie vivyo hivyo. Ni kazi ya mkono, na sharti uifanye kweli: kivinjari kilichozuiwa kusasishwa kikasahaulika mwaka mzima ni hatari kuliko bando lililokwisha. Ya pili ni kufuata mkondo wa zile mashine zako mbili. Linux Mint tangu toleo la 20 la mwaka 2020 haiji na snap, na Firefox yake ni deb ya kawaida inayopita kwenye proksi. Sikwambii ufute mashine 20 kesho. Ubuntu 22.04 ina masasisho ya kawaida hadi 2027, kwa hiyo una muda, lakini siku ya kubadilisha ikifika, kwa shule yenye bando la kupima mimi ningechagua Mint.

Umeme nao. Ukikatika proksi ikiwa katikati ya kuandika, faili inaweza kubaki nusu, na mashine zako zitaanza kulalamika "Hash Sum mismatch". Usiogope, huko ni kukataa kwa lakiri kama nilivyoeleza. Kwenye ukurasa wa ripoti kuna uchaguzi wa kukagua faili kwa alama zake na kufuta zilizoharibika. Endesha huo, kisha rudia `apt update`. Na proksi ikiwa imezimwa kabisa, mashine nyingine hazitakwenda kupakua deb kwa mlango wa nyuma. Zitashindwa tu. Wengine huona hilo ni kasoro, mimi kwa hali yako naona ni faida. Isipokuwa kompyuta mpakato za walimu zinazokwenda nyumbani: hizo usiziwekee faili ya 01proxy, ziwekee programu ya auto-apt-proxy, ambayo hutafuta kama kuna proksi karibu na isipoiona huendelea bila hiyo.

Utasikia pia habari za kutengeneza nakala nzima ya hazina kwa apt-mirror. Ni mamia ya gigabaiti, nyingi zikiwa programu ambazo hakuna mwanafunzi wako atakayezifungua. Achana nayo. Squid-deb-proxy inafanya kazi karibu sawa na hii na ni nzuri kama tayari unaijua Squid. Kama kuna shule jirani isiyo na intaneti kabisa, waambie watafute apt-offline: mashine isiyo na mtandao inaandika orodha ya inachohitaji kwenye flashi, mashine yenye mtandao mahali pengine inapakua, flashi inarudi. Ni bora mara nyingi kuliko `dpkg -i`. Na kuhusu sheria, ambayo hukuuliza lakini mkuu anaweza kuuliza: programu zilizo kwenye hazina kuu za Ubuntu zina leseni zinazoruhusu kunakili na kugawana, kwa hiyo nakala 22 kutoka upakuaji mmoja si wizi.

Kuna mambo mawili ambayo sitaki uyamalize kwa kusoma maelezo yangu. Ukiona ujumbe wa NO_PUBKEY au saini batili kwenye hazina kuu za Ubuntu, na saa na tarehe ya mashine ziko sawa, usifuate ushauri wa kuandika `trusted=yes`; hilo linazima ukaguzi wote tuliouzungumzia. Na ikiwa mashine uliyotaka kuifanya proksi ndiyo inayotunza alama za wanafunzi au hesabu za shule, au diski yake inagonga ikifanya kazi, simama kwanza. Kwa yote mawili mwombe afisa TEHAMA wa halmashauri aje, au fundi ambaye shule inamwamini, akae mbele ya mashine. Kabla hajafika, mnakilie faili ya `/var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log` kwenye flashi pamoja na picha ya ujumbe wa kosa kama ulivyoonekana kwenye skrini. Nywila za mashine usizitume kwa mtu yeyote, hata kwangu.